Dawa Inaishia Wapi? Miaka Tisini ya Pampu Embu na Meru

Kiswahili chetu hakibagui. Kidonge cha kichwa ni dawa, na kile kichupa cha agroveti chenye picha ya fuvu pia ni dawa. Kule Embu hutasikia mtu akisema amepiga kahawa sumu. Amepiga dawa. Ukimuuliza mbona macho yanamtoka machozi, atakwambia ni dawa tu, itaisha.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya dawa hizi katika kaunti mbili za mashariki ya Mlima Kenya, Embu na Meru, kuanzia kahawa ya miaka ya 1930 mpaka maembe ya leo. Nilidhani nitaandika orodha ya kemikali: hii ilikuja, ile ikapigwa marufuku. Kumbe orodha haielezi mengi. Kinachoeleza zaidi ni jambo ambalo wengi wetu hatuliulizi dukani: dawa imetengenezwa kwa umbo gani? Ni unga? Ni mafuta? Ni chembechembe, au ni chambo kinachomngoja mdudu aje mwenyewe? Umbo ndilo huamua dawa inaishia wapi. Inaweza kuishia kwenye jani, mtoni, au kwenye mgongo wa anayebeba pampu.

Kahawa na rangi ya buluu

Walowezi walilima kahawa Kenya kwa miongo kadhaa kabla Mwafrika hajaruhusiwa kuipanda kwake. Ruhusa ilianza kutolewa miaka ya 1930, kwa majaribio, katika sehemu chache tu: Kisii, Embu na Meru. Angalia ramani utaona kitu. Zote ziko mbali na mashamba makubwa ya Kiambu na Thika. Walowezi walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba Waafrika wakipewa kahawa, vishamba vyao vitakuwa viota vya magonjwa. Nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kukosa vibarua na kupata washindani, lakini ugonjwa ndio ulikuwa kisingizio kizuri cha kuandika kwenye ripoti.

Na ugonjwa ulikuwepo kweli. Mwaka 1922 ugonjwa ambao wakulima wetu wanauita kwa herufi tatu tu, CBD, na Watanzania wanauita chulebuni, ulirekodiwa hapa Kenya kwa mara ya kwanza duniani. Ni kuvu inayoshika tunda la kahawa likiwa bado kijani, inaweka doa jeusi, na tunda linaoza mtini. Mwaka wenye mvua nyingi na baridi, asiyepiga dawa anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno.

Tiba iliyokuwepo ilikuwa shaba. Wafaransa walikuwa wamegundua miaka ya 1880, kwenye mizabibu ya Bordeaux, kwamba mrututu ukichanganywa na chokaa unazuia kuvu. Dawa za shaba zikasafiri mpaka kwenye kahawa ya Afrika Mashariki. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ambao ulifungulia wakulima wadogo mazao ya biashara kwa wingi, kahawa ilijaza miteremko ya Embu na Meru, na pampu ikaifuata. Vyama vya ushirika vilitoa dawa kwa mkopo na kukata deni kwenye malipo. Kupiga dawa mara sita au zaidi kwa mwaka kukawa sehemu ya kalenda, kama palizi.

Cucu wangu, aliyeolewa upande wa Manyatta, Embu, miaka hiyo ya kahawa nzuri, anakumbuka rangi kuliko jina la dawa. "Nguo za guka wako zilikuwa za buluu, mwana wangu. Unafua, maji yanakuwa buluu, na kesho zinarudi vilevile." Mume alibeba pampu. Yeye alibeba maji ya kuchanganyia, kutoka mtoni, debe baada ya debe, kisha akafua nguo kwa mikono mitupu. Kwenye picha nyingi za kilimo cha enzi zile utamwona mwanamume mwenye pampu. Aliyebeba maji na aliyefua hayupo, ilhali dawa ilimfikia pia.

Tuseme ukweli kuhusu shaba: kwa ngozi ya binadamu haikuwa kali kama zilizokuja baadaye. Shida yake ni kwamba haiozi. Inabaki kwenye udongo mwaka baada ya mwaka. Lakini kulikuwa na wadudu pia, na hapo ndipo hadithi inapinda.

Safari ya kwenda Uganda

Kabla ya DDT kulikuwa na njia nyingine, na Kenya iliifanya vizuri sana mara moja. Miaka ya 1920 kidung'ata, mdudu mdogo mweupe anayeonekana kama amepakwa unga, alivamia kahawa ya katikati ya Kenya. Wataalamu walimtambua vibaya. Walidhani ni mdudu wa Asia, wakatafuta adui zake Asia, wakarudi mikono mitupu. Baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba ni spishi tofauti kabisa, na kwao ni jirani tu, Uganda. Mwaka 1938 nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kidung'ata wakaletwa kutoka Uganda na kuachiliwa Kenya. Mdudu akashuka. Wanasayansi wa wadudu bado wanautaja mfano huo wakizungumzia kumdhibiti mdudu kwa kutumia adui yake wa asili.

Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja DDT, rahisi na yenye nguvu ya kudumu kwa wiki na miezi. Nani angengoja nyigu? Hapa kuna kichekesho kichungu. Kenya wakati huo ilikuwa mwuzaji mkuu duniani wa pareto, lile ua jeupe la nyanda za baridi, pamoja na za Meru. Sumu ya pareto inaua wadudu lakini haimdhuru sana binadamu, na jua huivunja haraka. Hiyo sifa ya pili ndiyo iliyoinyima nafasi shambani. Mkulima anataka dawa ikae. Basi tukauza nje dawa laini na kununua ya kukaa.

Watafiti wa kahawa wakaanza kuona kitu cha ajabu. Kadiri dawa kali zilivyonyunyizwa juu ya mti mzima, ndivyo wadudu ambao zamani hawakusumbua sana, kama mchimba majani, walivyoongezeka. Dawa ilikuwa imeua nyigu na buibui waliokuwa wakiwala bure. Mkulima akahitaji dawa nyingine kumaliza tatizo lililoletwa na ya kwanza. DDT ilipigwa marufuku kwenye kilimo Kenya mwaka 1986. Nafasi yake ilikuwa tayari imechukuliwa na dawa zinazooza haraka zaidi lakini ambazo, siku ile unazipiga, ni hatari zaidi kwa anayezipiga.

Unga, maziwa, chembechembe

Dawa nyingi zilizouzwa zama hizo zilikuja kama mafuta. Kemikali haiyeyuki majini, kwa hiyo kiwanda kinaiyeyusha kwenye kiyeyusho cha petroli na kuongeza kitu kama sabuni. Ukiimwaga kwenye maji ya pampu, inageuka nyeupe kama maziwa. Kila aliyekulia mashambani anaijua ile rangi na ile harufu. Kiyeyusho kinachoisaidia dawa kupenya ngozi ngumu ya mdudu kinaisaidia pia kupenya yako. Na wakati wa hatari zaidi si ule wa kutembea kwenye mistari ukipuliza. Ni zile dakika mbili za kupima dawa isiyochanganywa, mara nyingi kwa kifuniko cha chupa, bila glavu.

Unga nao una hatari yake. Ukifungua pakiti upepo unavuma, unavuta. Viwanda vikatafuta maumbo mengine: chembechembe zinazoyeyuka majini bila kutoa vumbi, dawa iliyosagwa laini sana na kuelea kwenye maji badala ya petroli, dawa iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, inayotoka polepole. Kemikali inaweza kuwa ileile, lakini kiasi kinachomfikia mtu kikashuka. Huu ni ushindi wa kweli, na hauhitaji mkulima kununua suti ya plastiki ambayo kwenye jua la Mbeere hakuna mtu atakayeivaa.

Lakini tusishangilie mapema. Historia ya Furadan inatufundisha. Kemikali yake, carbofuran, ni kali sana kwa binadamu. Ikatengenezwa kama chembechembe za zambarau ili usiihitaji pampu wala usivute mvuke: unazimwaga kwenye shimo la kupandia na kufukia. Kwa mkono wa mkulima, hilo lilikuwa afadhali. Kwa ndege, chembe ni mbegu. Na kwa kuwa ilikuwa rahisi kununua na rahisi kubeba, watu wakaanza kuitumia kuwategea ndege wa kuliwa, na wafugaji wakaipaka kwenye mizoga kuua simba. Mwaka 2009, baada ya habari hizo kufika kwenye televisheni ya Marekani, kampuni ya FMC iliyoitengeneza ikaanza kuinunua tena kutoka madukani Kenya. Umbo lililomlinda mmoja lilimfikia mwingine.

Umbo salama kuliko yote kwenye kahawa halikutoka kiwanda cha kemikali. Mwaka 1985 kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa Ruiru 11, aina ya kahawa inayostahimili CBD na kutu ya majani, na mwaka 2010 ikafuata Batian. Kinga iko ndani ya mti. Hakuna cha kupima kwa kifuniko, hakuna nguo za buluu. Kwa nini basi miti ya zamani bado imejaa Embu na Meru? Kwa sababu kung'oa mti ni kukaa miaka bila kahawa, na bei ilianguka vibaya baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989. Mwenye njaa ya karo hang'oi mti wenye matunda.

Nzi asiyejua mpaka wa shamba

Teremka sasa kutoka ukanda wa kahawa. Ukipita Runyenjes kuelekea Karurumo na Mbeere, au ukishuka kutoka Nkubu kuelekea Igoji na chini zaidi, joto linaongezeka na kahawa inaachia nafasi maembe: Apple, Kent, Tommy, Ngowe. Wengi waliokata tamaa na bei ya kahawa waliweka matumaini yao kwenye tunda hili.

Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda kutoka Asia alionekana pwani ya Kenya. Wanasayansi walimpa jina la Kilatini la "mvamizi", na baadaye wakathibitisha kwamba ni yule nzi wa mashariki anayejulikana tangu zamani, Bactrocera dorsalis. Alipanda bara haraka. Jike hutoboa embe na kutaga chini ya ganda. Funza wanakula nyama ya tunda ndani, tunda linaanguka, funza wanatoka na kuingia udongoni, na baada ya siku kadhaa nzi wapya wanaruka.

Fikiria sasa mwenye pampu. Yai liko ndani ya tunda. Funza wako ndani ya tunda. Anayebaki nje ni nzi mzima, ambaye anaweza kupumzika kwenye kichaka cha jirani. Kunyunyizia mwembe mzima, mti mrefu kuliko nyumba, kunamaanisha kuelekeza bomba juu ya kichwa chako na kungoja matone yakurudie usoni. Wakulima walifanya hivyo, tena na tena, na maembe yakaendelea kuoza. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, umbo la zamani lilishindwa waziwazi, mbele ya kila mtu.

Kituo cha icipe cha Nairobi, ambacho Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970 akiamini Waafrika wanaweza kuongoza sayansi ya wadudu wao, kilikuwa na timu ya nzi wa matunda, na Mnaijeria Sunday Ekesi alikuwa mmoja wa viongozi wake. Embu na Meru zikawa kati ya sehemu ambazo mbinu zao zilijaribiwa kwa wakulima wenyewe.

Mbinu hizo zinageuza mambo. Nzi jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae. Basi mpe protini yenye sumu kidogo, sehemu moja ndogo ya mti, naye atakuja. Protini hiyo inaweza kutengenezwa kwa hamira iliyobaki kwenye viwanda vya bia, kitu ambacho vinginevyo ni taka. Sumu inaweza kuwa spinosad, ambayo hutengenezwa na bakteria aliyepatikana mwaka 1982 kwenye udongo wa kiwanda cha rumu kilichoachwa huko Karibi. Mabaki ya bia na udongo wa rumu, halafu mtu aseme pombe haina faida! Nzi dume ana mtego wake, wenye harufu asiyoweza kuikataa. Kwenye udongo chini ya mwembe unaweka kuvu, Metarhizium, inayoua funza wanapoingia kugeuka nzi. Matunda yaliyoanguka unayaweka kwenye hema lenye wavu: nzi wakitoka wanakwama, lakini nyigu wadogo wanaowaua wanapenya kwenye matundu na kurudi shambani. Baadhi ya nyigu hao waliletwa kutoka Hawaii. Ni safari ya Uganda ya 1938 tena, ila ndefu zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wakulima wa maembe wa Embu ulionyesha kwamba waliotumia mbinu hizi kwa pamoja walipunguza matumizi ya pesa kwa dawa za wadudu kwa takriban asilimia 46, maembe yaliyokataliwa yalipungua kwa zaidi ya nusu, na mapato yalipanda kwa karibu asilimia 22. Nusu ya pesa ya dawa! Na kiasi kidogo kilichobaki kiko kwenye doa moja la majani na kwenye mtego. Hakiko hewani.

Kuna sharti moja. Baba mdogo wangu ana miembe upande wa chini ya Runyenjes, na ananiambia kila nikienda: "Mimi nikitega na jirani akiacha maembe yaoze chini, nalisha nzi wake." Pampu ni ya mtu mmoja. Chambo kinahitaji kijiji kizima kukubaliana, na kukubaliana ni kazi ngumu kuliko kununua kichupa.

Nani alilalamika?

Hapa ndipo ninapokwama na historia hii. Kila nikitafuta nini kilisukuma mabadiliko, napata malalamiko ya mtu aliye mbali. Mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua sehemu kubwa zaidi ya maharagwe mabichi, yaani michiri, na njegere kutoka Kenya, kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa dimethoate. Wakulima wa michiri wa Meru na Embu walibadilisha dawa haraka sana. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi, na soko halikufunguliwa tena mpaka 2021. Semina zikafanywa, mitego ikagawiwa.

Sisemi ni vibaya. Mlaji wa Ulaya ana haki ya kula michiri safi. Lakini mwili wa aliyeipiga dawa ulikuwepo miaka yote hiyo, pamoja na wa aliyefua nguo, na haukutosha kusababisha mkutano. Na sisi wa Nairobi tunaonunua embe la barabarani au sukuma ya kibandani? Mzigo unaokwenda uwanja wa ndege unapimwa. Mzigo unaokwenda Wakulima Market hupita bila mtu kuuliza ulipigwa dawa lini. Muguka wa Mbeere na miraa ya Igembe hutafunwa mbichi, bila kupikwa wala kumenywa, na huvunwa mara kwa mara, kwa hiyo siku za kungoja baada ya dawa ndizo kila kitu. Anayezihesabu ni mkulima peke yake, na bei ya leo ikimwita.

Mwaka 2019 Gladys Boss Shollei, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni akitaka dawa hatari ziondolewe, zikiwemo ambazo Ulaya ilikuwa imeshazipiga marufuku kwake. Hatimaye sauti ilitoka ndani. Wapinzani wake waliuliza swali ambalo lazima tulijibu kwa uaminifu: ukiondoa dawa, mkulima atumie nini Jumatatu asubuhi?

Nadhani Embu na Meru zimejibu kwa sehemu. Jibu si kuacha kila kitu mikononi mwa Mungu, wala si kumhubiria mtu kuhusu glavu. Ni kumpa umbo lingine la dawa ambalo linafanya kazi na halimpiti yeye kwanza: mche wenye kinga ndani yake, kuvu ya udongoni, chambo cha hamira, na pale ambapo kemikali lazima itumike, chembechembe zisizo na vumbi badala ya yale mafuta yanayogeuka maziwa. Yote haya yapo. Yanayokosekana ni bei ambayo mwenye miti 30 anaweza kuimudu, afisa wa kilimo anayefika, na chama cha kijiji kinachowafanya majirani wafukie maembe yaliyooza siku moja.

Na linakosekana swali letu sisi wanunuzi. Ukienda nyumbani Desemba, ingia agroveti ya hapo mjini na usikilize dakika kumi. Utasikia watu wakiuliza, "Uko na gani kali?" Mwenye duka atatoa kichupa kutoka rafu ya juu. Siku utakayosikia mtu akiuliza, "Hii inapigwa aje, na itabaki kwa nani?" ujue kitu kimebadilika.